Kilichokuwemo Kwenye Chupa ya Kwanza

Salma, mke mwenzangu,

Huna aibu. Mafenesi yametoa maua, yamezaa, yameiva, mengine yameanguka yakaoza mpaka nyuki wameyachoka, na wewe hujakanyaga hapa. Kutoka Morogoro mjini mpaka Mkuyuni si safari ya kufungiwa chakula, na huu mlima wa kupanda mpaka kwangu ulikuwa unaupanda na ndoo ya maji kichwani kabla meno yako ya utoto hayajang'oka. Leo umekuwa mtu wa maabara, mlima umerefuka. Halafu juzi unanipigia simu, "Shikamoo Bibi, mwisho wa wiki napanda ndege, sitawahi kuja huko juu, nisamehe." Nikakuitikia marahaba, nikakuombea dua, simu ikakatika. Nikabaki jikoni naiuliza sufuria, huyu mtoto nilimlea mimi au nilimwokota?

Haya, nimeshagomba, yameisha. Sasa tulia nikuambie.

Anayeshika kalamu ni Mama Shabani wa duka la dawa hapa sokoni. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa kuni. Nimeshuka tangu asubuhi, nimekaa kwenye benchi lake la wagonjwa, mimi nasema yeye anaandika, na nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie. Gari la ndizi linashuka mjini baada ya alasiri. Dereva atakukabidhi barua hii na kifurushi, mkononi mwako, si kwa mtu mwingine. Kifurushi usikifungue mpaka umalize kusoma. Naijua mikono yako.

Sitakuambia huko uvae nini wala ule nini. Baridi itakufundisha yenyewe, na njaa pia. Nina jambo moja tu. Nimekaa nalo tangu masika, na kila nikitaka kulisema sioni linaanzia wapi. Nikilishika huku linanichoropoka kule. Kwa hiyo nitalisema ovyo ovyo, wewe uliyesoma utalipanga.

Salma, ile chupa ya kwanza haikuwa mizizi peke yake.

Mama Shabani amesimamisha kalamu, ananitazama juu ya miwani. Nimemwambia andika. Ameandika.

Unakumbuka siku uliyonipeleka chuoni kwenu. Ulinivika koti jeupe lililonifika miguuni na kofia ya nailoni, kichwa kikawa kama mkate uliofungwa wa dukani. Yule mwalimu wako, Daktari, alinipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo Bibi." Akanivutia kiti yeye mwenyewe. Nikajiambia, kumbe huku ndiko watoto wetu wanakopotelea, si kubaya. Ukanitolea vile visahani vyenu vyenye vifuniko, ndani mna kitu kimeganda kama mchuzi wa kongoro uliolala. Ukaniambia, "Bibi, hivi ni vidudu kutoka kwenye vidonda vya watu waliolazwa. Hivi ni sugu. Dawa za hospitali havizisikii tena." Nikakodoa macho. Sikuona mdudu. Niliona utando mweupe kama ule unaoota kwenye kiporo cha ugali.

Kisha ukanionyesha kikaratasi cha duara kilichotiwa dawa ya kiwandani. Ule utando ulikuwa umekifikia, umekigusa, umekilalia, kama mbuzi wanavyolala ubavuni mwa mbwa waliyemzoea. Halafu ukasogeza kisahani kingine. Palikuwa na kitundu ulichodondoshea dawa yangu, na pembeni yake pote patupu, pasafi, kama uwanja uliofagiwa asubuhi ya Idi. Vidudu vimesimama mbali, vinaogopa kuingia.

Ulikuwa unalia. Ulisema, "Bibi, hii ni ya kwako."

Daktari akachukua daftari akaniuliza naitengenezaje. Nikamwambia. Mizizi ya mti wetu, ambao jina lake silitaji hapa kwa kuwa barua hii inapita kwenye gari la ndizi. Unaianika kivulini, unaitwanga, unaichemsha mpaka vikombe vitatu vinabaki kimoja, unachuja kwa kitambaa cheupe. Akaandika yote. Akauliza, "Hakuna kingine, Bibi?"

"Hakuna kingine."

Nilimjibu nikimtazama machoni. Na kitu cha ajabu, Salma, sikujiona mwongo. Niliporudi nyumbani ndipo lilipoanza kunisumbua.

Nikueleze kwa nini sikujiona mwongo. Kwetu mtu wa dawa hatoi yote. Dawa yetu inapita kwa wanawake wa lukolo letu, ukoo wa upande wa mama, mama kwa binti, bibi kwa mjukuu, na kila anayetoa anabakiza kitu kimoja mpaka siku anapojua hatanyanyuka tena. Ukitoa yote mapema, dawa inakuhama. Mama yangu alinifundisha mti, akanifundisha kuanika, akanifundisha kuchemsha, lakini hakuniambia mzizi unachimbwa upande gani wa shina. Miaka kumi na mmoja nachimba upande wa machweo. Siku tatu kabla hajafa akaniita sikioni, "Ni wa mawio, wewe mjinga." Nilicheka pale kitandani kwake mpaka na yeye akacheka, na kucheka kulikuwa kunamwumiza.

Kwa hiyo Daktari aliponiuliza kama hakuna kingine, mimi niliona nafanya kama mama. Nabakiza. Nilishika heshima ya dawa. Nimefika nyumbani, nimevua viatu, nikajiuliza, hivi wewe umebakiza nini? Mama alinibakizia upande wa mawio. Mimi nimekubakizia kapsuli za rangi mbili.

Sasa umejua. Kapsuli zile za dukani, upande mmoja rangi hii, upande mwingine rangi ile, unga wake wa manjano. Kila chupa niliyokuwa natengeneza, na yako ile ya kwanza, nilikuwa natia unga wa kapsuli mbili au tatu baada ya kuchuja, inapoanza kupoa.

Mama Shabani anasema niweke wazi kwamba yeye hakujua. Alijua. Kila juma nilikuja kwake, sina homa, sina kikohozi, nachukua mbili, nachukua tatu, na hajawahi kuniuliza mgonjwa ni nani. Anasema, "Bibi, hapa kila mtu ananunua mbilimbili. Ningeanza kumuuliza kila mtu ningekuwa polisi, si muuza dawa." Nimemwambia na hilo aliandike. Ameliandika, ila tazama herufi zilivyopinda.

Ilianzaje. Ilianza na babu yako, mume wetu. Mama yako alikuwa bado ananyonya. Babu yako alijikata muundi na jembe kule shambani kwenye mteremko, akaja nyumbani anachechemea na anacheka, alikuwa mtu wa kucheka. Nikamwosha, nikampaka dawa yangu. Kesho nikampaka tena. Wiki moja, wiki mbili, wiki tatu, kidonda kibichi vile vile, kinatoa maji. Siku moja natandika kitanda, chini ya godoro nakuta bahasha ya zahanati, ndani mna kapsuli za rangi mbili.

"Hizi nini?"

"Za nesi."

"Kwa hiyo mimi napaka, nesi anaponya."

Akakaa kwenye kinu, akanyoosha ule mguu wake. "Mke wangu, kidonda ni changu. Niachie nikiponye na nyote wawili."

Kikapona. Na mwanamume yule, Mungu amrehemu, watu walipomuuliza kilichomponya aliwaambia ni dawa ya mke wangu. Hakumtaja nesi hata siku moja. Alifanya hivyo kwa mapenzi, aliona nilivyonuna. Watu wakaanza kupanda mlima. Wenye majipu, waliokatwa na panga, akina mama wenye watoto wa vichwa vyenye mapele. Wanakuja na imani iliyoletwa na mguu wa mume wangu, na mimi najua mguu ule ulipona na nini. Ningefanyaje? Ningesema, rudini, mume wangu anawadanganya? Nikashuka sokoni nikanunua kapsuli. Duka hili wakati huo lilikuwa la mama mkwe wa Mama Shabani. Nikazipasua mojamoja kama karanga, nikamimina unga kwenye dawa. Nikajiambia mzizi ndio mboga, kapsuli ni chumvi.

Chumvi ikaongezeka. Serikali ilipofunga msitu wa juu, ikasema hakuna kuchimba wala kukata, nilibaki na kapu moja la mizizi mikavu ya zamani. Nikawa natia mizizi kidogo, kapsuli zaidi. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nashika sifa ambayo si yangu, na kila mwaka inazidi kuwa nzito kuitua.

Na sasa nifike pale ambapo ulimi wangu unakuwa mzito. Mama Shabani, niletee maji kwanza.

Nimekunywa.

Babu yako alipopata ule ugonjwa wa sukari, kidole cha mguu kikafanya kidonda. Wewe ulikuwa kidato cha nne, bwenini. Masika nzima nilimtibu mimi. Dawa yangu, na juu yake unga wa kapsuli, leo kidogo, kesho nikikumbuka. Kilikuwa kinakauka, kinarudi. Kinakauka, kinarudi na harufu. Tulipomteremsha mjini walimpa dawa hii, ikagoma. Wakampa ile, ikagoma. Wakamkata mguu, na haikusaidia. Wewe ulikuja na sare ya shule, ukamfuata daktari wa wodi mpaka mlangoni kwake, ukamuuliza kwa nini dawa hazifanyi kazi, akakuambia vidudu vimezizoea. Ukarudi ukakaa karibu yangu kwenye benchi la korido, ukasema, "Bibi, mimi nitasomea hivyo vidudu." Nikakushika bega. Kwenye pindo la kanga yangu, Salma, nilikuwa nimefunga kapsuli mbili.

Sikujua. Wakati ule sikujua, naapa. Uliyenijulisha ni wewe. Ulikuja likizo, baada ya siku ile ya maabara, tunakula fenesi pale nje, mikono yako imejaa utomvu, unanieleza kwa furaha kama mtu anayesimulia harusi. Ukasema ukimpa mtu dawa nusunusu, vidudu dhaifu vinakufa, vile vikaidi vinabaki, na vinavyobaki ndivyo vinavyozaa. Ukasema, "Yaani Bibi, tunavifundisha wenyewe." Ukajilamba kidole. Hukujua unaongea na mwalimu wao.

Je, ni mimi niliyevifundisha vile vya mguu wa babu yako? Sijui. Nimejiuliza mpaka nimeunguza mboga. Pengine vilikuwa sugu tangu vilikotoka, pengine ni sukari, pengine angekufa vile vile. Pengine ni mimi. Nikisema ni mimi, moyo unakataa. Nikisema si mimi, moyo unakataa pia. Sitaki uniambie kitu cha kunituliza, hasa kwenye simu. Nimekueleza kwa sababu kazi yako yote ilianzia kwenye benchi lile, na ni haki yako kujua nani mwingine alikuwa amekaa pale.

Sasa chupa ya pili. Nilipotoka maabara nilikuwa na hofu. Ulipopanda kuja kuchukua nyingine nikakata shauri, hii naitengeneza safi. Hakuna kapsuli hata chembe. Kapu la mizizi ya zamani nikaona limeisha, kwa hiyo nikachimba ule mti mchanga nilioupanda nyuma ya kaburi la babu yako, upande wa mawio, nikatwanga, nikachemsha, nikachuja. Nilikupa chupa ile nikiwa na moyo mweupe kwa mara ya kwanza tangu mama yako ananyonya. Ukaenda. Ukanipigia.

"Bibi, ya pili haijafanya kitu. Vidudu vimeipita tu. Ulifanya nini tofauti?"

"Sikufanya tofauti."

Ukasema haya Bibi, lala salama, na tangu siku ile hujaja. Nikawaza, amejua, ananisubiri niseme mwenyewe. Wiki nyingine nikawaza, hajui, ananionea aibu mbele ya Daktari wake. Wiki nyingine nikasema labda ana kazi tu, watu wana kazi. Mpaka leo sijui ni lipi. Ndiyo maana nimeanza kwa kukugombeza. Kugombeza ni rahisi kuliko kuuliza.

Na juzi kwenye simu ukaniambia mengine. Kwamba Daktari anasema chupa ya pili iliharibikia njiani, ilikaa kwenye joto la gari. Kwamba mmeiweka kando. Kwamba huko unakokwenda wamekuita kwa ajili ya ile ya kwanza, na umebeba unga mlioupata kwa kuikausha iliyobaki, na kuna watu wazima waliosoma wanausubiri. Ulikuwa na furaha, unasema harakaharaka. Nami nikakuombea dua, badala ya kukuambia simama.

Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo mimi mwenyewe sielewi mbele wala nyuma. Chupa iliyokuwa na uongo ilifanya kazi. Chupa niliyoitengeneza kwa ukweli ilishindwa. Nikasema basi, ni kapsuli, mizizi ya mama yangu ni kuni. Lakini ngoja. Vidudu vile ulinionyesha mwenyewe vimelalia kikaratasi cha dawa ya kiwandani. Sasa kama dawa ya kiwandani haivigusi, aliyefagia uwanja ni nani? Au dawa ya kwenye kile kikaratasi ni nyingine na hizi za rangi mbili ni nyingine? Sikukuuliza, niliogopa ungeniuliza kwa nini nauliza. Au ni mzizi wa zamani, uliokomaa msituni, na huu mchanga wa nyuma ya kaburi bado hauna nguvu? Au kila kimoja peke yake hakiwezi, na vikikutana vinaweza? Babu yako alisema niachie nikiponye na nyote wawili. Nimelikumbuka neno lile juzi usiku nikakaa kitandani wima.

Kama ni hivyo, basi mimi sikutia uongo, nimetia kitu ambacho hata nyinyi hamkijui. Unaona ninavyojisogezea sifa? Hapo ndipo nilipojikamata. Sijui, Salma. Kutokujua kwangu ndiko ninakokuletea. Nilibadilisha vitu viwili kwa mara moja, mzizi na kapsuli, kisha nikakuambia sikubadilisha kitu. Hata mpishi mbaya hafanyi hivyo.

Mama Shabani ameweka kalamu chini kabisa. Anasema, "Bibi, mwache mtoto apande ndege kwanza. Akishafika, akishatulia, ndipo umwambie. Leo utamvunja." Anasema kwa huruma, amekupenda tangu ulipokuwa unakuja kununua sabuni hapa. Na mimi nilikuwa nimeanza kukubali. Kuna ubaya gani? Nafasi haiji mara mbili. Wakisikia, pengine watasema ubaki. Pengine Daktari atakukasirikia kwa kosa langu. Nilikuwa nimeshamwambia basi, chana.

Kisha nikamkumbuka babu yako anawaambia watu ni dawa ya mke wangu. Hakuna aliyewahi kunipenda kama yule. Alinitetea kwa neno moja, na neno lile likanifunga maisha yangu yote, kwa sababu kila nilipotaka kurudi nyuma niliona nitamfanya yeye mwongo. Wewe nakupenda, lakini kwa namna ile sitaki. Sitaki ufike mbele ya watu wale, wafungue unga wako, wakute ndani mna ule wa manjano wa kapsuli, na wewe ndiyo kwanza unajua. Au wasiukute, wakusifu, na mimi nife na siri hiyo, na wewe uzeeke na sifa usiyoweza kuitua. Nimemwambia Mama Shabani aokote kalamu yake.

Sikuambii uende, sikuambii ubaki. Una akili kuliko mimi na mama yako aliyeko Turiani tukiunganishwa. Mwambie Daktari tu, leo hii, kabla hujafunga begi. Akikasirika mwelekeze kwangu. Aje, apande mlima kwa miguu yake, akifika atakuwa amepungukiwa pumzi ya kugombeza, nitampikia.

Sasa fungua kifurushi. Nimetumia akili ya jikoni, sina nyingine. Mchuzi ukitoka mchungu hulaumu sufuria nzima. Unaonja nazi peke yake, unaonja nyanya chungu peke yake, ndipo unajua kilichochacha. Kwa hiyo nimefunga vitambaa vitatu, kila kimoja peke yake, na kila kimoja nimenawa mikono kabla ya kukigusa. Chenye fundo moja ni mizizi ya zamani ya msituni. Nililipindua kapu, nikaligonga chini, nikakwangua nyufa, kikapatikana kiganja kimoja. Hakijawahi kukutana na kapsuli, na hakuna kingine tena duniani nilichonacho. Chenye mafundo mawili ni mzizi wa ule mti mchanga. Chenye matatu ni kapsuli, zile zile, kutoka kwenye kopo lile lile la Mama Shabani. Vipime kila kimoja kivyake. Halafu vichanganye viwiliviwili kama unavyoona wewe. Kama ndege haikungoji, mwachie mwenzako yeyote wa maabara unayemwamini, asiwe mtu anayenipenda.

Ikitokea ni kapsuli tu, niambie hivyo hivyo. Nitaifanya kuni za chai hiyo mizizi michanga iliyobaki uani. Itaniuma, sitakudanganya. Itakuwa kama kumzika mama yangu tena. Lakini usiniambie iliharibikia njiani.

Tangu masika sijampa mtu dawa. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja na mtoto mwenye jipu la shingoni, nikamwambia teremka zahanati, na kapsuli utakazopewa mpe amalize zote. Akanitazama. "Bibi umeringa siku hizi, au ni kwa sababu mjukuu wako anakwenda Ulaya?" Nikamwambia ndiyo, nimeringa. Akashuka analalamika mpaka kwenye kona. Mama Shabani naye anasema kuanzia leo atauliza mgonjwa ni nani. Tutaona. Nimemwambia aandike hilo ili asije akalikana.

Gari la ndizi limekuja, dereva anapiga honi kama ana haraka ya maana. Kwa hiyo sikia la mwisho.

Ukija tena, na utakuja, usinipigie simu kabla, usinipe nafasi ya kutengeneza kitu. Njoo na jembe lako na kisu chako, na chupa ulizoziosha wewe mwenyewe. Njoo asubuhi, umande haujakauka, pitiliza nyumba, usinywe chai yangu, nenda moja kwa moja nyuma ya kaburi la mume wetu. Utanikuta nimekaa kwenye lile jiwe, viganja vimeangalia juu. Vitazame kwanza, vyote viwili, mpaka na makucha. Kisha chimba wewe, upande wa mawio.

Bibi yako.